Mkalimani na Ndege wa Matete

Hakuna aliyemwita kwa jina. Kwa sisi Wapemba na Waunguja wa Edmonton, kaskazini ya London, na hata kwa Wakongo wa zile flati za nyuma ya stesheni, alikuwa Mkalimani tu. Ukipata barua ya kaunsili usiyoielewa, mpigie Mkalimani. Ukiitwa hospitali au mahakamani, mpigie Mkalimani. Mie nilimwita Ami, kwa heshima na si kwa damu. Kazaliwa wapi hasa, na nani, sijui, na yeye mwenyewe akiulizwa alijibu kwamba hilo halimo kwenye kesi. Nilimjua miaka ishirini na kitu, Mungu amrehemu. Nitakayoyasema hapa niliyashuhudia kwa macho yangu, ila moja tu sikuliona, na hilo moja ndilo lililonikalisha kitako niandike.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye hasira za karibu. Baridi ikiingia alivaa kofia ya viua, juu yake kofia ya sufi, na juu ya zote mbili kofia ya koti, na bado akilalamika kwamba masikio yanamuuma. Hakumsifu mtu. Harusini hakwenda, alisema kule watu wanapiga kelele na hawana la kutafsiriwa. Lakini maziko hayakumpita. Alifika wa mwanzo, viatu vinang'aa, akasimama nyuma kabisa, hasemi na mtu.

Sheria yake ya kazi ilikuwa moja: haongezi, hapunguzi. Usidhani ni jambo jepesi. Siku moja nilimpeleka jirani yetu, bibi mmoja mtu mzima, kwa daktari, na Mkalimani ndiye aliyeitwa. Bibi akakaa, akamtazama daktari juu mpaka chini, akasema kwa Kiswahili kwamba huyu mtoto, ananuka sigara, na hajui kitu. Kisha akamgeukia Ami akamwambia, "Hayo usimwambie." Ami akayasema yote kwa Kiingereza, moja baada ya jengine, na akamalizia na hilo la "usimwambie" vilevile. Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Bibi hakumsemesha Ami mwaka mzima. Nilimwambia kakosea, angalau angemsitiri mtu mzima wa watu. Akanijibu kwamba siku atakayoanza kuchagua maneno ya kuyapitisha na ya kuyazuia, ndiyo siku ya kumfukuza kazi.

Watoto wetu aliwatesa kwa njia yake. Mwanangu wa kiume anafahamu Kiswahili chote lakini anajibu Kiingereza, kama wenzake wote waliozaliwa hapa. Akisema kwa Kiingereza kwamba amechoka, Ami alisema, "Nimechoka," kwa sauti ileile kavu ya mahakamani, huku anamtazama mama mtu, yaani mimi. Mtoto akisema hataki wali, Ami anasema, "Sitaki wali." Ilimkera mtoto mpaka akaona bora aseme mwenyewe Kiswahili chake kuliko kusemewa. Nilijaribu na mimi mbinu hiyo Ami alipokuwa hayupo, nikachekwa.

Lakini usije ukadhani alikuwa malaika. Kwenye sukari alikuwa mwongo wa kutupwa. Alikuwa na kisukari, na kila alipokwenda kliniki alimwambia nesi kwamba anakula mboga na samaki wa kuchemsha, huku mfukoni mwa koti mna halua imefungwa kwenye karatasi. Nilimkamata si mara moja. Akasema bila haya kwamba pale yeye ni mgonjwa, si mkalimani, na mgonjwa ana haki zake. Sukari hiyo ndiyo iliyokuja kumla macho, na mpaka leo nikikumbuka ile halua nina hasira naye.

Hasira yenyewe ni ya mtu aliyefadhiliwa. Mie na mama yangu tusingekuwa nchi hii kama si yeye. Tulipofika, mama aliwaeleza maofisa wa uhamiaji jinsi watu walivyokuja nyumbani kwetu kumchukua baba, saa mbili usiku, tumemaliza kusali Isha. Mkalimani wa mwanzo, mtu mwengine huyo, akaandikisha mbili kama ilivyo, na mbili ya Kizungu ni usiku wa manane. Barua ya jirani yetu, iliyoandikwa kwa Kiingereza, ilitaja nane, ambayo ndiyo saa mbili yetu. Ikaonekana mama muongo, tukakataliwa ukimbizi.

Kwenye rufaa ndipo alipokuja Ami. Mama akasema tena saa mbili. Ami akasema nane kwa Kiingereza, na wakili wa upande wa pili akaruka kwamba shahidi kabadilisha maelezo. Ami akaomba ruhusa aeleze. Hakimu akamwambia kazi yake ni kutafsiri. Akajibu kwamba ndiyo anayoifanya, na kama hawataki kuisikia saa ya mama huyu basi wamlete mtu mwengine, yeye hataisema mbili kwa sababu si mbili. Mie nilijua tumekwisha. Ami akavua saa yake ya mkono, akaomba apelekewe hakimu, akaeleza kwamba sisi saa zetu zinaanza kuhesabiwa jua likichomoza, na za usiku likichwa, kwa hiyo sindano ikielekea nane sie tunaisoma namba ya upande wa pili, mbili. Hakimu akaigeuzageuza ile saa kitambo. Tukashinda, na mama, mpaka siku aliyokufa, alimwombea dua Ami.

Alipostaafu alifanya mambo mawili yaliyowachekesha watu. La kwanza, aliirudisha saa yake ya mkono kwenye hesabu yetu. Alizisukuma sindano saa sita nyuma, ikawa saa tatu asubuhi inasoma tatu. Alisema kawatumikia saa zao umri mzima, sasa anataka kukaa kwenye yake. Mzungu aliyechungulia mkono wake ndani ya basi alishtuka, akadhani kachelewa au kawahi, hajui lipi.

La pili, alianza kwenda kutazama ndege. Mabasi mawili kutoka kwetu, nyuma ya maghala na reli, kuna hifadhi ya majimaji: mabwawa, matete, njia ya mbao, na vibanda vyenye vidirisha vyembamba vya kuchungulia. Msimu wake ni baridi kali, maana hapo ndipo bata wa kaskazini wanapoikimbilia London, wao wanaiona joto. Watu walimtania kwamba anakwenda kuwaamkia wakimbizi wenzake. Alichukia hasa. Alisema ndege hawakukaa mbele ya mtu wakaulizwa maswali mia, basi wasifananishwe.

Mie nilimuuliza anafuata nini kule, kwenye baridi ya kukata vidole. Alisema pale hakuna mtu anayesema ikambidi yeye amsemee. Hilo ndilo jibu pekee nililopata. Kiingereza alikijua kuliko wengi wenye nacho, lakini majina ya ndege kwa Kiingereza alikataa kujifunza. Wale weusi wenye paji jeupe, wanaogombana kutwa, aliwaita mahakimu. Bata mwenye mdomo mpana alikuwa bata upawa. Yule mweusi anayesimama juu ya nguzo na mbawa kazitandaza akauke, huyo alikuwa mwanika kanzu. Darubini yake ilikuwa kuukuu, imefungwa plasta ya hospitali ubavuni.

Kwenye ubao wa getini palikuwa na picha ya ndege mmoja, jamii ya korongo, rangi ya matete makavu na michirizi myeusi. Akihisi mtu, anainua mdomo juu na kujinyoosha ndani ya matete, na upepo ukiyayumbisha naye anayumba nayo, asionekane. Ubaoni paliandikwa kwamba hapo hajaonekana miaka mingi. Ami akamshika huyo. Alimwita ndege wa matete, akamsubiri baridi nne mfululizo. Na katika baridi ya nne daktari wa macho akamwambia kwamba baridi ijayo huenda asiweze hata kusoma gazeti. Akanieleza hilo kama anayenieleza ratiba ya basi. Kisha akasema kwamba anataka kumwona ndege yule kabla macho hayajafungwa, na kama sina kazi Jumanne nimsindikize, njia ya mbao inateleza.

Nikaenda, sikutaka. Nafanya kazi nyumba ya wazee na siku ile nilikuwa nimetoka shifti ndefu. Geti lilipofunguliwa tu tukaingia. Barafu ilikuwa imeshika kandokando ya maji, na kibandani tulikuwa sisi wawili. Ami akakaa, akaweka chupa ya chai baina ya miguu, darubini usoni. Simu yangu ikalia. Kazini, wananitaka nifanye overtaimu. Nikasimama mlangoni nisimsumbue, mgongo nimeyapa maji, nabishana na bosi wangu kuhusu zamu ya Jumamosi.

Niliporudi, Ami alikuwa kasimama, kashika ukingo wa kidirisha kwa mikono miwili. "Nimemwona," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hayafuti. Nikachungulia, matete matupu. Akanieleza kwamba katoka baina ya vichaka viwili, anapita polepole kama mtu aliyechelewa msikitini anayepenya baina ya waliokaa, akasimama, akainua mdomo, kisha akarudi ndani. Nikasema mashaallah. Ukweli, moyoni nilitia shaka. Macho yake niliyajua, na hamu yake niliijua.

Pale kibandani mna daftari ambamo kila anayetazama anaandika alichokiona na saa. Ami akaangalia mkono wake, akaandika jina la ndege kwa Kiingereza, mara yake ya kwanza, na mbele yake: 3.10. Nilikuwa nimesimama juu ya bega lake na sikuona kosa lolote. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi, nami nilikuwa nafikiri kwa Kiswahili. Kabla ya adhuhuri tulikuwa tumeshapanda basi.

Tuliporudi baada ya wiki mbili tukakuta maandishi ya penseli chini ya yake. Nakufasiria: Haikukubaliwa. Saa hiyo palikuwa na watu sita hapa, hakuna aliyemwona, na mwandishi alikwishaondoka mapema. Ami akayasoma, akayasoma tena, karatasi kaileta karibu na pua. Mie ndiye niliyegundua. Nikamwambia, Ami, umeandika saa yetu, wao wameisoma alasiri. Sijapata kumwona mtu akivunjika vile huku kakaa tu. Mtu aliyeweka saa yake mbele ya hakimu kwa ajili ya mama yangu, leo kajifunga mwenyewe kwa saa hiyohiyo. Nikamwambia tuifute basi, tuandike 9.10, nani atajua. Akanitazama kama nimemtukana. Alisema maelezo hayafutwi, yanaongezwa, na mwenyewe anasimama mbele ya watu anayaongeza.

Tukenda kwa msimamizi, mama wa Kizungu mpole, buti za mpira mpaka magotini. Ami akaeleza yote, saa yake kaivua kaiweka juu ya meza. Msimamizi alisikiliza kwa adabu. Akasema anamwelewa, ila tatizo ni kwamba maelezo yamebadilika baada ya kukataliwa, na ndege adimu kama yule anahitaji picha au mtu wa pili. Kisha akanigeukia mimi, na nilimwona anataka kutusaidia. Akaniuliza kama nami nilimwona.

Nikasema ndiyo, nilimwona. Ilinitoka tu. Nilimfikiria mama, nikafikiria yale macho.

"Hakuona," Ami akasema kwa Kiingereza, kwa ile sauti kavu. "Alikuwa na simu. Alinipa mgongo."

Nilitamani ardhi inimeze. Msimamizi akainamisha kichwa, akafunga faili lake, akasema pole. Ndani ya basi sikuweza kunyamaza. Nilimwambia kwamba nimemfungulia mlango kaufunga mwenyewe, kaniaibisha mbele ya mtu, na halua yake anayomficha nesi mbona haimchomi. Aliniacha nimalize.

"Halua ni tumbo langu," akasema. "Yule ndege ni kweli, mwanangu. Ukimsimamishia uongo utamharibu."

Hapo kwenye kiti cha basi ndipo nilipoamini kwamba alimwona. Mtu aliyezua ndege angeupokea ushahidi wangu kwa mikono miwili. Hasira haikuniisha, lakini shaka iliniisha.

Kuanzia hapo ukawa ubishi. Kila alipokwenda, aliandika maelezo yaleyale kwenye ukurasa wa siku hiyo, Kiswahili juu na Kiingereza chini, saa kwa maneno: kwamba Jumanne ile alimwona ndege wa matete asubuhi, kwamba aliandika saa ya kwao bila kueleza, kwamba kosa ni lake na ndege ni kweli. Akatia saini. Na kila mara penseli ikaja chini yake: Haikukubaliwa. Wale wazungu wa darubini kubwa walianza kucheka, halafu wakaacha kucheka, halafu mmoja akawa anampisha kiti. Msimamizi akamwomba kwa upole aache, daftari ni la vilivyoonekana siku ile. Ami akajibu kwamba ataacha siku watakayoandika kwamba hawajui. "Andikeni hamjui," akamwambia. "Hilo nitalikubali. Msiandike kwamba mimi sikumwona."

Mara ya mwisho kwenda naye ilikuwa baridi iliyofuata. Daktari hakukosea. Alitembea mkono wake begani kwangu, mguu anautafutia ubao, na watu wa njiani wakatupisha. Sabalkheri alinijibu kwa sauti ndogo siku hiyo, na chai hakuinywa. Kibandani akaniuliza kuna nini. Nikamwambia nilichokiona: mahakimu saba wanagombana, mwanika kanzu mmoja, matete. Akauliza kama nina hakika ni saba. Nikahesabu tena, wakawa wanane, na akaguna. Tulikaa kutwa, tukasali palepale juu ya mbao, na ndege wa matete hakutokea.

Jua lilipoanza kushuka akaniomba daftari. Nikampa kalamu, nikamwekea kidole pale pa kuanzia. Akaandika maneno matatu, yakapandana, moja likatoka nje ya karatasi likaingia mezani. Alilihisi. Akasimamisha kalamu.

"Siuoni mstari," akasema.

Nikamwambia nitamwandikia, maneno yote nayajua kwa moyo. Akatikisa kichwa. Maelezo yake hayaandikwi na mkono wa mtu, alisema, na kama nataka kuandika niandike yangu. Roho iliniuma. Nikamwambia yangu anayajua, yangu ni kwamba sikuona kitu.

"Basi andika hayo."

Nikaandika, kwa Kiswahili juu na Kiingereza chini. Kisha nikamsomea: Siku ile nilikuwa nje, nazungumza na simu. Ndege sikumwona. Huyu mzee alimwona.

Alisikiliza kichwa kakiinamisha, kama alivyokuwa akimsikiliza shahidi. Nilidhani atanikataza sentensi ya mwisho, maana sikuishuhudia.

"Hukuwa nje," akasema. "Ulikuwa mlangoni. Ongeza."

Nikaongeza. Msimamizi akachungulia na funguo zake mkononi, akasema samahani, ni wakati wa kufunga. Nikamwambia asubiri, kalamu bado ninayo mkononi, shahidi bado hajatia saini.